Maswali Yenu: Paul Simon bila Garfunkel, na bendi aliyoikuta Johannesburg

Toleo lililopita tulitoa ukurasa mmoja juu ya Graceland, albamu ya mwaka 1986 ambayo Paul Simon, nusu ya kundi la Simon & Garfunkel, aliitengeneza na wanamuziki wa Afrika Kusini. Barua nyingi zilizokuja ni za wapigaji kuliko za wasikilizaji, nasi tunazijibu kipigaji.

Mmeandika kwamba "alirudi". Alirudi kutoka wapi, ilhali hakuwahi kuacha muziki? (Msomaji, Dodoma)

Hakuuacha muziki. Wasikilizaji ndio waliomwacha yeye. Kundi lilivunjika mwaka 1970, likiwa kileleni. Miaka iliyofuata Simon alijitegemea vizuri tu, na mwaka 1976 alipewa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mambo yaliharibika 1980, alipotoa filamu aliyoiandika na kuigiza mwenyewe, nayo haikwenda popote. Tarehe 19 Septemba 1981 wawili hao waliimba pamoja Central Park, New York, mbele ya umati uliokadiriwa kufika nusu milioni, watu wakasema kundi limefufuka. Wakaanza kurekodi albamu ya pamoja. Kazi ikiwa inaendelea, Simon akazifuta sauti za mwenzake na kuitoa kwa jina lake peke yake mwaka 1983: Hearts and Bones. Haikuuza. Basi alipofunga safari ya Johannesburg kampuni yake ya rekodi haikumtarajia makubwa, na hilo lilimsaidia, maana hakuna aliyemwandama kuuliza wimbo wa redio uko wapi.

Nimeimba miaka mingi katika kundi la watu wawili. Tumeachana kwa heri, sasa nina bendi mpya ya watu watano. Kila wimbo ninaowaletea unasikika kama ule wa zamani uliokosa mtu mmoja. Simon alifanyaje? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Ndugu yetu, Simon alibadili kwanza utaratibu wa kazi, ndipo akapata sauti mpya. Kwa kawaida mwimbaji huandika wimbo kisha bendi ikaubeba. Yeye alifika Johannesburg Februari 1985 hana wimbo hata mmoja mkononi. Alichokuwa nacho ni kaseti ya muziki wa kodiani wa vitongojini iliyomnasa masikio mwaka uliotangulia, na anwani za wanamuziki alizopata kupitia Hilton Rosenthal, prodyuza wa huko aliyekuwa amefanya kazi na Juluka, bendi ya Afrika Kusini. Akaingia Ovation Studios na fundi wake wa sauti Roy Halee, yuleyule aliyekuwa akirekodi Simon & Garfunkel, akawaacha wapigaji wapige. Katika siku hizo ndipo walipokutana watu watatu waliokuja kuwa uti wa mgongo wa bendi yake: Ray Phiri kwenye gitaa na Isaac Mtshali kwenye ngoma, wote wa bendi ya Stimela, na Bakithi Kumalo kwenye besi. Maneno na sauti ya kuimba vilikuja baadaye, nyumbani Marekani, juu ya midundo iliyokwisha kurekodiwa.

Kwako wewe kazi inakwenda hivi. Jitengee mazoezi ambayo huruhusiwi kuleta wimbo. Mpiga ngoma na mpiga besi waanze, gitaa lifuate, wewe kaa kimya. Kila wazo likirekodiwa lisipungue dakika nne bila kusimama, na kila chombo kiwe kwenye traki yake. Chini ya dakika nne utakosa pa kukata, kwa sababu mara nyingi kipande kizuri huja baada ya dakika ya pili, wapigaji wakishaacha kukusikilizia wewe. Tumieni kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, kwenye hedfoni. Bila kliki kasi itapanda kidogo kidogo, na ukitaka kuunganisha kipande cha mwanzo na cha mwisho havitakaa pamoja. Kila rekodi iandike kasi, kii na jina lolote la kuitambulisha, la sivyo wiki ya pili hutajua ipi ni ipi.

Kisha kata. Tafuta vipimo vinane (kipimo ni mzunguko mmoja wa mapigo manne) vinavyofaa kuwa ubeti na vinane vya kiitikio, vinakili, vipange. Halee na Simon walikata na kuunganisha sana New York, hata Halee akasema kazi ile isingewezekana bila mashine za kidijitali. Leo simu yenye programu ya kurekodia inatosha kwa hatua hii.

Mwisho imba. Anza na silabi tupu, "na na na", mpaka sauti ipate pa kukalia. Hapa ndipo Simon mwenyewe alipokwama: aliandika sauti ya kuimba kama alivyozoea, beti zilizolingana, akagundua kwamba gitaa na besi havirudii kitu kilekile kila mzunguko. Ikabidi awasikilize tena, safari hii akifuata besi, na kuimba pale ilipomwachia nafasi. Kosa la kawaida la mtu aliyetoka kwenye kundi la wawili ni kujaza kila pengo, kwa sababu zamani pengo lilikuwa la mwenzake. Katika bendi mpya lile pengo ni la gitaa.

Jambo jingine la kiufundi: spika ya gitaa ikikaa chumba kimoja na ngoma, sauti yake itaingia kwenye maiki za ngoma. Ukija kulifuta gitaa, mzuka wake utabaki kwenye matoazi. Litoe gitaa chumba kingine, au lichomeke moja kwa moja kwenye mashine.

Usiogope pia bendi kukusikiliza wewe. Wimbo uliobeba jina la albamu uko kwenye kii ya E. Mbaqanga, muziki wa dansi wa vitongoji vya Afrika Kusini, kwa kawaida hutembea na kodi tatu za meja. Kwa wasomaji wa sol-fa ni kodi za do, fa na so. Phiri akaingiza kodi ya la, yaani C shapu maina. Simon alipomuuliza imetoka wapi, alijibu kwamba alikuwa akifuata namna Simon anavyoandika. Sikiliza rekodi hiyo ukiwa na gitaa mkononi: kodi hiyo moja ndiyo inayoufanya mdundo wa Soweto ukubali hadithi ya Mmarekani.

Ule mbio wa besi karibu na mwisho wa You Can Call Me Al umenishinda. Nusu ya kwanza naipata, ya pili vidole vinakataa. Ni besi gani ile? (Mpiga besi, Tanga)

Vidole vyako havina kosa. Nusu ya pili haikupigwa na mtu. Kumalo, aliyekuwa na besi isiyo na freti, alirekodi kipimo kimoja tu, Mei 1986, siku yake ya kuzaliwa. Kisha kipimo hicho kikanakiliwa na kugeuzwa kinyumenyume, kikabandikwa nyuma ya cha kwanza. Mbio unateremka halafu unarudi kwa njia ileile, kama sura kwenye kioo.

Ndiyo maana sauti yake haielezeki kwa urahisi. Noti ya besi iliyopigwa kawaida huanza kwa kishindo kisha ikafifia. Ikigeuzwa inaanza kwa kuvimba polepole na kuishia kwa mkato. Sikio lako linausikia mkato huo, mkono unajaribu kuupiga, na mkono hauna uwezo huo.

Ukitaka kuutengeneza kwenye rekodi, weka kliki na urekodi kipimo kimoja, mapigo manne, sauti ikiwa kavu kabisa. Mwangwi ukiwamo, ukigeuza utasikika kama upepo unaovutwa ndani. Mwangwi uongezwe mwisho, juu ya vipande vyote viwili. Nakili kipimo, geuza nakala, ibandike. Kwenye kiungo utasikia "tik". Ili kuiondoa, kata mahali wimbi linapovuka mstari wa sifuri, kisha fifisha vipande viingiliane kwa milisekunde 5 hadi 10 tu. Ukizidisha, noti ya katikati itapoteza ukali wake, na ndiyo noti ambayo kila mtu anaisubiri. Kikandamiza sauti (compressor), kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, nacho kije baada ya kugeuza.

Wengi huharibu hapa: wanarekodi noti ya kwanza ikiwa imechelewa kidogo baada ya pigo la kwanza. Upande wa mbele haionekani. Ukishageuzwa, ule ucheleweshaji unahamia mwishoni na bendi inaonekana imechelewa kuingia. Noti ya kwanza isogezwe ikae juu ya pigo lenyewe kabla hujanakili.

Jukwaani hakuna kugeuza. Cheza noti zilezile kwa mpangilio wa kinyume, kila noti uikate ghafla kwa kiganja cha kulia. Mwenye kidole kidogo chepesi anaweza kufungulia kitufe cha sauti polepole kwenye kila noti, ila kwa kasi ya wimbo huu wengi watachoka njiani.

Nyimbo za zamani za kundi nizifanyeje jukwaani? Mashabiki wanazidai. (Yuleyule wa Likoni)

Usimwajiri mtu wa kuiga sauti ya mwenzako. Watu watalinganisha na utashindwa wewe, si yeye. Katika maonyesho yake ya 1973 na 1974, Simon alisimama na kwaya ya injili ya Jessy Dixon Singers na kundi la Urubamba la muziki wa Andes. Bridge over Troubled Water, wimbo ambao Garfunkel aliuimba peke yake kwenye rekodi, ukawa wa kwaya. Sehemu ya mtu mmoja ilipopewa watu wengi, hakukuwa na wa kulinganishwa naye.

Kama sauti ya juu ilikuwa ya mwenzako, shusha kii nusu toni mbili hadi tatu na uipime mwisho wa mazoezi, koo likiwa limechoka, kwa sababu ndivyo litakavyokuwa onyesho likifika ukingoni.

Wapigaji wale walilipwa, au ni yaleyale? (Msomaji, Arusha)

Walilipwa vizuri kwa saa zao: karibu dola 196 kwa saa, mara tatu ya kima cha chama cha wanamuziki cha New York. Lakini malipo ya saa na umiliki wa wimbo ni vitu viwili, na wapigaji wengi hapa kwetu huuza cha pili wakidhani wanalipwa cha kwanza.

Katika nyimbo 11 za albamu, tano zina waandishi wengine pamoja na Simon. Forere Motloheloa, mpiga kodiani kutoka Lesotho, yumo kwenye The Boy in the Bubble, General M. D. Shirinda yumo kwenye I Know What I Know. Gumboots imejengwa juu ya muziki wa Boyoyo Boys uliokuwapo tayari. Na Joseph Shabalala wa kwaya ya Ladysmith Black Mambazo yumo kwenye Homeless na mwanzo wa Diamonds on the Soles of Her Shoes. Wimbo wa Graceland wenyewe, pamoja na ile kodi ya Phiri, una jina la Simon peke yake. Kwa maoni yetu hapo mstari ulichorwa mwembamba mno. Los Lobos, bendi ya Marekani iliyopiga wimbo wa mwisho wa albamu, wamelalamika hadharani kwamba nao walistahili kutajwa kama waandishi. Simon hakubaliani nao.

Kipimo cha kutumia ni hiki: ukiondoa kile alichokibuni mpigaji, je, wimbo bado ni uleule? Kama si uleule, ana mgao. Andikeni karatasi siku hiyohiyo ya kurekodi: majina kamili, nani alileta maneno, nani sauti ya kuimba, nani mdundo, na asilimia zinazofika 100 kamili. Kila mmoja asaini na kubaki na nakala. Kisha sajilini kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa walio Tanzania, KECOBO kwa walio Kenya. Msingoje wimbo upendwe. Baada ya hapo kila mtu hukumbuka kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Mbona kuna waliomlaani? Si aliitangaza Afrika? (Msomaji, Morogoro)

Mzee wa Morogoro aliyewaona wakimbizi wa ANC pale Mazimbu atalielewa hili upesi. Desemba 1980 Umoja wa Mataifa uliwataka wasanii wote wasusie Afrika Kusini ya makaburu. Kabla ya safari, Harry Belafonte, mwimbaji na mwanaharakati wa Marekani, alimshauri Simon azungumze kwanza na ANC. Hakufanya hivyo, akaenda. Hoja yake ilikuwa kwamba hakwenda kutumbuiza bali kurekodi na Waafrika waliotaka kurekodi naye. Hoja ya upande wa pili: mgomo unaochagua wa kumruhusu si mgomo tena. Mwaka 1987 wanamuziki wa Uingereza kama Jerry Dammers na Billy Bragg walimpinga nje ya Royal Albert Hall, London, huku ndani wakipiga naye Hugh Masekela na Miriam Makeba, ambao wote utawala ule uliwalazimisha kuishi uhamishoni. Onyesho lililorekodiwa kwa filamu lilifanyika uwanja wa Rufaro, Harare, Februari mwaka huohuo, kwa sababu kuvuka mpaka kuingia Afrika Kusini kusingewezekana. Alipiga Afrika Kusini yenyewe Januari 1992, mgomo ukiwa umeondolewa.

Muziki ni mzuri na kutouliza ruhusa lilikuwa kosa. Hatuoni sababu ya kuchagua moja.

Ile filimbi kwenye You Can Call Me Al ni ya aina gani? (Msomaji, Kigoma)

Ni filimbi ya bati ya matundu sita, iliyopulizwa na Morris Goldberg, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiishi New York. Wapigaji wa kwela, muziki wa filimbi wa mitaani wa Afrika Kusini, huishika upande, ikaingia kwenye kona ya mdomo badala ya katikati, na ndipo noti zinapoteleza. Wimbo uko kwenye kii ya F, kwa hiyo tafuta filimbi ya F, au ya C ukiweza kuziba matundu kwa kuruka ili upate B fleti. Ya D, ambayo madukani ndiyo inayopatikana zaidi, itakutesa.