Kupanga katikati ya jiji: usilipe kabla hujaiona usiku

Mkuu, umesema hiyo apatimenti umeiona mara moja tu, Jumamosi saa nne asubuhi, dalali kakusimamia mlangoni, na unauliza kama ulipe kwa kuwa kazini ni dakika kumi kwa miguu. Mimi nimepanga katikati ya jiji nyumba tatu mpaka sasa. Usilipe bado. Saa ulizoonyeshwa ndizo saa ambazo ukishahamia utakuwa kazini.

Nyumba yangu ya kwanza nayo niliiona asubuhi. Kimya, mwanga tele, sakafu inang'aa, nikalipa. Usiku wa kwanza ndipo nilipogundua kuwa ukuta wa kichwani pangu, kwa upande wa pili, ndiyo njia ya lifti. Kila jirani aliyerudi nilimsikia: mota inaunguruma, kamba zinakaza, milango inagonga. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa najua nani kachelewa kuliko hata mkewe. Chini kulikuwa na baa ambayo asubuhi ile ilikuwa imefungwa, nami nikadhani ni stoo.

Vioo vya madirisha vilikuwa vinene, ila fremu zimelegea, na sauti hupenya penye upenyo hata kioo kiwe kinene vipi. Nikanunua pazia zito. Halikusaidia kitu. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza kelele za chumbani usiku zisizidi desibeli 30 hivi ili mtu alale vizuri, na mazungumzo ya kawaida tu yanafika kama 60. Ukisikia maneno ya mtu aliye barabarani huku umefunga dirisha, huhitaji kipimo.

Kwa hiyo rudi siku ya kazi usiku, halafu rudi tena usiku wa wikiendi. Funga madirisha, zima feni, kaa chumbani dakika kumi bila kuongea. Dalali atanung'unika, mwache. Akigoma kukufungulia, simama nje chini ya dirisha la chumba cha kulala usikilize, na umuulize mlinzi malori ya taka hupita saa ngapi.

Pili, umeandika kwamba iko ghorofa ya juu kabisa, na naona unaihesabu kama sifa. Uliza kwanza maji yanatoka wapi. Kama tenki liko juu ya paa na yanashuka yenyewe bila pampu, wewe wa juu ndiye utakayeyapata dhaifu kuliko wote. Mgandamizo wa baa 1 (hapa baa ni kipimo cha presha) unahitaji maji yawe juu yako kama mita 10, na ghorofa moja ni kama mita 3 tu, kwa hiyo utaoga kwa matone huku jirani wa chini anafurahia. Kama maji yanasukumwa kutoka bomba la mtaani moja kwa moja, wa juu ndiye wa kwanza kukosa presha ikishuka. Siku ya kukagua fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo, uone bafuni yanabaki mangapi. Mimi nyumba ya pili niliishia kuoga kwa ndoo, ghorofa ya nane, kwenye jengo lenye vigae vya kifahari.

Tena zege la paa hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Ukipandisha kiganja dari jioni na ukakuta bado lina moto, hapo ndipo utakapolala. Na siku hiyo panda kwa ngazi, usitumie lifti, ili ujue siku ikiharibika utakuwa unafanya nini na mizigo yako.

Mkataba sina mengi. Hakikisha anayesaini ndiye mwenye nyumba au ana barua ya kumwakilisha, maana wapo wapangaji wanaopangisha wenzao. Gharama za ulinzi, usafi, lifti na maegesho ziandikwe kama zimo ndani ya kodi au ziko nje. Piga picha kila ufa, kila doa na namba za mita siku unayopokea funguo, umtumie siku hiyohiyo. Picha hizo ndizo zilizonirudishia amana yangu nyumba ya pili, baada ya kuambiwa nimevunja sinki nililolikuta limevunjika.

Hizo dakika kumi za kutembea sizidharau, ndizo zinazonifanya nisihame mjini. Ninapokaa sasa ni ghorofa ya pili, upande wa nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jengo lingine. Dalali aliona aibu hata kunionyesha. Nimeingia mwaka wa nne.