Jibu: Punta ya Wagarifuna wa Honduras, kiuno kinatoka wapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini ukicheza punta, ngoma ya Wagarifuna (watu wa pwani ya Honduras wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi), mabega yanatikisika na pumzi inakata mapema. Ni kwa sababu unakilazimisha kiuno. Kwenye punta kiuno hufuata miguu.

Anza bila muziki. Simama miguu ikikaribiana, kunja magoti kidogo, uzito uwe mbele ya nyayo. Inua kisigino cha kulia. Kikishuka, cha kushoto kipande, huku vidole vikiburuza chini bila kubanduka. Goti likisukumwa mbele, nyonga inayumba yenyewe. Fanya polepole mpaka usikie visigino vikigonga sawasawa, ndipo uongeze kasi. Ukinyoosha magoti, mtikisiko unapanda mgongoni hadi mabegani, na hapo ndipo unapochokea. Kifua kitulie kama cha mtu aliyejitwisha ndoo ya maji.

Sikiliza segunda, ngoma kubwa: mdundo wake haubadiliki, uukanyage huo. Primera, ile ndogo, hupamba na kujibizana na mchezaji. Ukiifuata hiyo kabla miguu haijakomaa utapotea. Tena usijifunzie punta-rock yenye gitaa la umeme, iliyoenea kutoka Belize miaka ya 1980. Ngoma mbili na manyanga zinatosha.

Wawili hushindana wakikabiliana bila kugusana. Na tafadhali, usiichukulie kama ngoma ya ufukweni tu: Wagarifuna huicheza hata kwenye mkesha wa msiba, kumsindikiza marehemu.