Hatimiliki ya kimila kwa fedha za wafadhili: je, tuipokee?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Niko wilaya ya Kondoa. Marehemu baba aligawiwa shamba wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Sasa wapimaji wamekuja na mradi wa wafadhili wa nje, wanatoa hatimiliki za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, na wanataka dada yetu aliyeolewa aandikwe. Wazee wanasema hii ni sheria ya Wazungu, tuikatae. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Wazee wenu nawaelewa. Mtu aliyehamishwa kwa lori, nyumba yake ikibomolewa, haamini upesi mpango wa ardhi unaotoka juu. Na ni kweli fedha za nje zimo katika kazi hizi. MKURABITA yenyewe, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ilianza mwaka 2004 kwa msaada wa Norway. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilipitishwa na Bunge letu, nayo ndiyo iliyothibitisha mashamba yaliyogawiwa vijijini kati ya 1970 na 1977.

Tena tazama mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Mfanyabiashara wa Zabid, Yemen, aliuza bidhaa Makka, na Al-As bin Wail akakataa kumlipa. Wakuu wa Makka, washirikina, wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kumsimamia kila aliyedhulumiwa. Mtume alikuwepo, kabla ya utume. Baadaye alisema kuwa lau angeitwa kwenye mkataba ule katika Uislamu, angeitikia. Haki hakuikataa kwa sababu ya walioileta.

Kuhusu dada yenu, nitasema wazi: naogopa "sheria ya Wazungu" imekuwa kisingizio. Fungu lake halikuletwa na mfadhili yeyote. Limo katika Suratun Nisaa, aya ya 7, na kuolewa hakulifuti. Anapata nusu ya fungu la kaka mmoja, na hiyo ni mali yake, si hisani yenu. Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa anayedhulumu ardhi, japo shibiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Haramu ninayoiona karibu yenu ni nyingine: kuiweka hati hiyo rehani kwa mkopo wa riba. Hilo jiepusheni nalo.

Kaeni kikao cha familia. Mama akiwa hai, mtoleeni kwanza thumuni yake (moja ya nane), kisha mgawane. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaandikishe kila jina na hisa yake kabla wapimaji hawajaondoka. Wallahu aalam.