Stebilaiza ya kamera iliyotumika, monita inazima ukiinamisha

Pole ndugu yangu, wasema stebilaiza yako ya mtumba, kile chombo cha kuvaa mwilini ili kamera isitikisike, monita (skrini yake) inazima kila ukiinamisha. Mi nashuku waya umekatika ndani ya ile nguzo ya kati inayobeba kamera ama pini za plagi zimeshika kutu, si unaijua hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa. Toa betri kwanza. Halafu pima kila waya na mita ya umeme huku unautikisa, na usiamini rangi, mwenye nayo wa kwanza huenda alibadilisha. Ukilehemu upya weka fyuzi karibu na betri, na betri ya 14.4V ikijaa yafika 16.8V kwa hivyo hakikisha monita yahimili, hapo usibahatishe kabisa. Waya wa picha za HD chukua koaksia (kama ule wa antena ya TV) ya omu 75. Springi za mkono wa stebilaiza usizifungue tafadhali, zimekazwa sana zaweza kukuvunja vidole, hizo mpe fundi anayezijua.