Kompyuta yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core 2 Duo E8400 au Core i3-2100 kwa steshenari ya Nyegezi, Mwanza?

Kaka, kama bei zinapishana kidogo, chukua i3-2100, usisite. Usidanganywe na namba: E8400 ni ya 2008, kasi GHz 3.0, akiba ya ndani (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 6. I3 ni ya 2011, GHz 3.1 na akiba MB 3. Kwa kuzitazama tu, E8400 haionekani kuachwa. Lakini i3 ni kizazi kipya zaidi, na kori zake 2 hubeba kazi 4 kwa wakati mmoja.

Mimi nimekaa na zote mbili. Mwanafunzi akija na PDF ya utafiti iliyojaa picha, huku umefungua Word na kivinjari, E8400 inaganda, kipanya hakisogei, na foleni inakutazama. Kwenye i3 unachapa huku unaskani.

Halafu i3 ina grafiki (sehemu ya kuonyesha picha kwenye skrini) ndani yake, na baadaye unaweza kuchomeka i5-2400, prosesa yenye nguvu zaidi, kwenye bodi ileile. Mashine nyingi za E8400 zinatumia RAM ya DDR2, aina ya zamani; ikifa, utazunguka mjini mpaka uchoke. Umeme usikusumbue, zote ni wati 65. Pesa itakayobaki nunua SSD, diski ya kasi ya kuhifadhia.