Mwakilishi wa mwenye mjengo: nimkubali wa kontrakta?

SWALI: Shangazi, mimi ni muuguzi Doha, najenga nyumba ya ghorofa moja Ruai, Nairobi. Ndugu yangu hunitumia picha kila Jumapili, lakini saruji inakwisha kuta zikiwa chini. Wiki ijayo wanamwaga slabu, yaani sakafu ya zege. Kontrakta asema niweke mwakilishi wa kunikagulia kazi, na ana mtu wake. Nikubali?

JIBU: Mwanangu, mwakilishi weka, lakini huyo wa kontrakta mkatae. Atamkosoaje anayemlisha? Tafuta mhandisi au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, mlipe wewe, kwa mkataba wa maandishi. Uliza pia kama kontrakta mwenyewe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.

Nimekagua mijengo kwa miaka mingi, na picha ya Jumapili haijawahi kunionyesha nafasi kati ya ringi za nguzo (vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo). Mtu wako apime vyuma kwa futi kamba kabla zege halijamwagwa, kwa kuwa vikishafunikwa huvioni tena. Siku ya kumwaga awepo tangu asubuhi: ahesabu mifuko, aangalie maji yasizidi (mafundi hupenda zege la majimaji, ni rahisi kusukuma), na achukue sampuli zipimwe maabara baada ya siku 7 na 28.

Pesa za vifaa asizishike yeye. Kazi yake ni kusaini kwamba hatua imekamilika, ndipo wewe utume malipo.

Ndugu yako usimlaumu bado. Huenda hajui anachotazama. Ila slabu hiyo isimamishe leo hadi mtu wako afike.