Atenololi haiachwi ghafla, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo

Usiiache kesho! Soma kwanza. Umesema unameza atenololi, dawa ya moyo na presha, tangu upate shambulio la moyo, sasa unachoka ovyo, mikono baridi, usiku ndoto za kutisha, na kuna mtu kakushauri uipumzishe wiki moja "mwili ujisafishe".

Baba yangu aliambiwa maneno hayohayo na jirani anayejua dawa za kila mtu. Mzee alikuwa na tatizo la kubanwa kifua, dawa imemtuliza muda mrefu. Akaacha. Siku za mwanzo alijisikia kijana, mashine ya presha inasoma vizuri, na jirani akazidi kujisifu. Kisha moyo ukaanza kumwenda mbio amekaa tu kwenye kiti, jasho, kifua kikambana kuliko zamani. Hospitali wakakuta shambulio la moyo. Yuko hai, lakini ngazi alizokuwa akipanda bila taabu sasa anapumzika katikati. Yule jirani alikuja kumpa pole na bado anasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Aliagiza mgonjwa wa moyo aache dawa wakati hajui hata ni ya kundi gani!

Daktari alitueleza hivi: atenololi, bisoprololi, metoprololi na wenzao huziba vipokezi, yaani milango ambayo adrenalini, homoni ya mshtuko, hutumia kuuchochea moyo. Mwili nao hujibu kwa kuongeza vipokezi. Ukiacha ghafla, adrenalini inakuta milango mingi kuliko mwanzo, yote wazi. Moyo unakimbizwa, unataka oksijeni nyingi, na mishipa yako tayari ni myembamba. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, onyo la kuacha ghafla limeandikwa. Presha kuwa nzuri siku mbili tatu hakukuhakikishii kitu.

Uchovu wako ni wa kweli, wala usikubali kuambiwa uvumilie. Mwambie daktari. Anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia, na akiamua uache, huishusha kidogo kidogo kwa wiki moja mpaka mbili au zaidi, nawe ukiepuka kazi nzito. Hesabu mapigo ukiwa umetulia. Yakiwa chini ya 50 na unapata kizunguzungu, au umezimia, nenda leo leo. Kifua kikibana wakati wa kupunguza, usingoje kuche.

Umeuliza pia kama miguu kuvimba kunatokana na amlodipini, dawa yako nyingine ya presha: ndiyo, hufanya hivyo, ila kwa mgonjwa wa moyo inaweza kuwa moyo wenyewe umelemewa, kwa hiyo mwonyeshe daktari siku hiyohiyo.

Halafu hesabu vidonge vilivyobaki kwenye boksi. Vikikaribia kuisha kabla hujamwona daktari, tafuta vingine sasa, maana kuishiwa dawa mwishoni mwa wiki nako ni kuacha ghafla.